Moyo Kwenda Mbio Si Ushahidi: Jinsi Mwili Unavyopokea Nyuso na Sauti za Watu

Fungua simu jioni yoyote, hukosi kukutana na video fupi inayokufundisha kumjua mwongo kwa kumtazama tu. Akiangalia pembeni, anadanganya. Akigusa pua, anaficha jambo. Sauti ikitetemeka, ujue ana hatia. Nenda kwenye semina ya ujasiriamali nako utaambiwa kwamba asilimia 93 ya mawasiliano ni uso, mwili na sauti, maneno yenyewe ni asilimia saba tu. Watu wanatoka hapo wakiamini kwamba mwili hausemi uongo, na kwamba aliyejua kuusoma hana haja ya kuuliza.

Madai hayo yanashika kwa sababu yamechanganywa na ukweli. Ni kweli kwamba mwili wa binadamu unaitikia uso na sauti ya mwenzake, tena upesi kuliko yeye mwenyewe anavyotambua. Lakini kuitikia ni jambo moja, na kujua maana ya kile kilichoitikiwa ni jambo lingine kabisa. Wanaoyachanganya huumiza watu: mwanafunzi anayeambiwa "kama huna kosa, mbona unatetemeka?", mjane anayenong'onwa kwa sababu hakulia msibani, kijana aliyekosa kazi kwa kuwa hakumkazia macho aliyekuwa akimhoji.

Tuanze kwa kutenganisha mambo matatu. La kwanza ni mwitikio wa mwili: mapigo ya moyo, jasho, pumzi, kukaza kwa misuli, kutanuka kwa mboni, homoni zinazomwagika kwenye damu. La pili ni ishara, yaani kile ambacho mtu mwingine anaweza kukiona au kukisikia: tabasamu, ndita, sauti iliyopanda. La tatu ni hisia yenyewe, ile hofu au furaha au aibu ambayo mwenyewe anaionja ndani. Mara nyingi hutembea pamoja, na ndiyo maana tunadhani ni kitu kimoja. Ila hutengana kila siku. Mhudumu wa benki anatabasamu akiwa amechoka hoi. Baba anayepokea habari mbaya mbele ya wanawe ana moyo unaodunda kwa nguvu na uso uliotulia.

Mwitikio wa mwili unaendeshwa na sehemu ya mfumo wa neva isiyosubiri ruhusa yako, ileile inayouendesha moyo ukiwa usingizini. Ina pande mbili. Upande mmoja huamsha: moyo unaongeza kasi, mboni zinatanuka, viganja vinatoa jasho, tumbo linapunguza kazi yake kwa muda. Upande wa pili hutuliza na kurudisha kila kitu mahali pake. Pande zote mbili hufanya kazi muda wote, na mizani yake hubadilika kila unapokutana na uso wa mtu.

Kubadilika huko ni kwa haraka mno. Mwaka 2000, Ulf Dimberg na wenzake wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, walichapisha jaribio ambalo mpaka leo linanishangaza. Waliwabandika watu vihisio vidogo sehemu mbili za uso: kwenye msuli wa shavu unaovuta pembe ya mdomo mtu anapotabasamu, na kwenye msuli wa juu ya nyusi, ule wa kukunja ndita. Kisha walipitisha kwenye skrini picha ya uso wenye furaha au wenye hasira kwa milisekunde 30, yaani sehemu tatu za mia moja za sekunde, na papo hapo ikafunikwa na picha ya uso usioonyesha chochote. Waliokuwa wakitazama walijua wameona uso huo wa pili tu. Lakini misuli yao ilikuwa na habari nyingine. Aliyepitishiwa uso wa furaha, msuli wa shavu ulichangamka zaidi. Aliyepitishiwa uso wa hasira, msuli wa ndita ndio ulioamka. Usingeweza kukiona kitu kile kwa macho, ni chepesi mno, ila umeme wa msuli ulikuwepo. Majaribio mengine ya Dimberg yanaonyesha kwamba mwitikio huo huanza kabla nusu sekunde haijaisha. Jasho la viganja huchelewa kidogo, sekunde moja hadi tatu, na ni jasho la aina yake: tezi za viganja na nyayo huitikia msisimko kuliko joto, ndiyo maana mtu anaweza kuwa na mikono iliyolowa akiwa kwenye chumba chenye kiyoyozi.

Kwa upande wa sauti mambo ni mazito zaidi, kwa maoni yangu, kwa sababu macho yanafumbwa lakini masikio hayafumbwi. Sauti inapita ukutani na gizani. Mwaka 2015 Luc Arnal na wenzake walichunguza kwa nini yowe linashtua kuliko sauti nyingine za binadamu. Jibu halikuwa ukubwa wa sauti peke yake. Yowe lina ukwaruzo: nguvu ya sauti inapanda na kushuka kati ya mara 30 na 150 kwa sekunde, wakati mazungumzo ya kawaida hupanda na kushuka mara chache tu. Kadiri ukwaruzo ulivyozidi, ndivyo wasikilizaji walivyosema sauti inatisha, na ndivyo sehemu ya ubongo iitwayo amigdala ilivyoitikia. Ving'ora na kengele za dharura tulizotengeneza wenyewe zimo kwenye ukwaruzo huohuo.

Sauti hutuliza pia. Leslie Seltzer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, walichukua wasichana wa miaka 7 hadi 12 na kuwapa jaribu ambalo hata mtu mzima angelikimbia: kusimama mbele ya wageni, kutoa hotuba, kisha kufanya hesabu kwa sauti. Kortisoli, homoni ya msongo, ikapanda. Baadaye wasichana wengine walikumbatiwa na mama zao, wengine walizungumza na mama kwa simu tu, wengine waliangalia filamu isiyohusiana na lolote. Matokeo yalitoka mwaka 2010: kwa waliokumbatiwa na kwa waliopigiwa simu, kortisoli ilishuka, na oksitosini, homoni inayohusishwa na ukaribu wa watu, ikapanda. Sauti ya mama kwenye waya ilifanya kazi iliyokaribiana sana na mikono yake. Mwaka 2012 watafiti hao walirudia wakiongeza kundi lililowasiliana na mama kwa ujumbe wa maandishi. Hapo mwili haukutulia; vipimo vyao vilifanana na vya wale ambao hawakuwasiliana na mama kabisa. Aliye na mtoto shule ya bweni, au binti anayefanya kazi za ndani Muscat, alikumbuke hilo siku mtoto anapoandika "mama, sijisikii vizuri." Apige.

Nimetaja amigdala, na hapa pana mkanganyiko mwingine. Ni kijisehemu kidogo, kipo kimoja kila upande wa ubongo, na magazetini huitwa "kituo cha hofu". Jina hilo linapotosha. Kuna mwanamke Mmarekani anayejulikana katika sayansi kwa herufi S.M., ambaye ugonjwa adimu uliharibu amigdala zake zote mbili. Mwaka 1994 Ralph Adolphs na wenzake waliripoti kwamba hakuweza kuitambua hofu kwenye nyuso za watu. Ikaonekana kesi imekwisha. Lakini mwaka 2005 walipofuatilia macho yake wakagundua kwamba, tofauti na watu wengine, hakuwa akiyatazama macho ya mtu kwenye picha. Walipomwelekeza "tazama macho," akaitambua hofu vizuri. Asipokumbushwa, alirudi kulekule. Na mwaka 2013, alipovutishwa hewa iliyotiwa kabonidayoksaidi nyingi, yeye na wagonjwa wengine wawili wenye tatizo hilohilo, walipatwa na hofu kali sana. Kwa hiyo hofu haikai kwenye amigdala kama mpangaji chumbani. Kazi yake kubwa inaelekea kuwa kuuelekeza umakini: hapa pana jambo, tazama.

Hapo ndipo penye kiini cha yote. Mwitikio wa mwili unatuambia kwamba kuna jambo lenye uzito, bila kutuambia ni jambo gani. Ni mbwa wa uani anayebweka usiku. Umesikia, umeamka, na umefanya vyema kuamka. Lakini humbwekea mwizi, humbwekea shemeji aliyechelewa basi, humbwekea paka wa jirani. Anayetoka na panga kwa sababu mbwa amebweka, bila kumulika tochi, atamjeruhi mtu asiye na kosa.

Watafiti wamejaribu kwa miongo mingi kutafuta alama ya kila hisia mwilini: hasira iwe na mapigo yake, hofu iwe na jasho lake. Mwaka 2018 Erika Siegel na wenzake walikusanya tafiti zaidi ya 200 na kuzipima kwa pamoja, na hawakuipata alama hiyo. Mtu mwenye hofu wakati mwingine moyo hukimbia, wakati mwingine hupunguza mwendo. Hasira ya leo na ya kesho si lazima ziache vipimo vinavyofanana. Moyo unaokwenda mbio unaweza kuwa wa mwizi, wa bibi harusi, wa mgonjwa wa tezi ya shingo au wa mtu aliyekunywa kahawa tatu.

Uso je? Hapa wataalamu wamevutana, na bado wanavutana. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Paul Ekman alikwenda Papua New Guinea kwa watu wa Fore akiwa na picha za nyuso, akarudi akisema kwamba nyuso za hisia chache za msingi zinatambulika na binadamu wote. Wazo hilo likaenea duniani na ndilo lililolala chini ya nusu ya video unazoziona. Lakini majaribio yake yaliwapa watu picha chache wachague moja kulingana na kisa walichosimuliwa, na ukipewa vitu vya kuchagua, unachagua. Miaka ya karibuni Maria Gendron, Lisa Feldman Barrett na wenzao walifanya kazi na Wahadza wa kaskazini mwa Tanzania, wanaoishi kwa sehemu kubwa kwa uwindaji, mizizi na asali. Kama kungekuwa na nyuso tulizorithishwa na mababu wawindaji, kule ndiko zingetambulika bila taabu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha ushahidi mdogo sana wa utambuzi wa aina hiyo. Huko visiwa vya Trobriand, Papua New Guinea, nako, Carlos Crivelli na wenzake waliripoti mwaka 2016 kwamba uso wa macho makubwa na mdomo wazi, ambao Ulaya na Marekani huitwa wa hofu, watu wengi waliusoma kuwa uso wa kutishia.

Hilo halina maana kwamba uso na sauti havibebi kitu. Kwa sauti, Disa Sauter na wenzake waliwalinganisha Wahimba wa kaskazini mwa Namibia na Waingereza mwaka 2010, wakakuta kwamba vilio, vicheko na miguno ya hisia za msingi vilitambulika pande zote mbili. Mimi naona picha inayopatikana ni hii: ukali wa jambo, na kama ni zuri au baya, hivyo vinavuka mipaka kwa urahisi kiasi. Jina kamili la hisia, yaani kama hii ni aibu, wivu, hasira au uchungu, hilo tunalipata kwa kujua mtu ni nani, yuko wapi, na nini kimetokea dakika tano zilizopita.

Na hata wema au ubaya wa jambo unaweza kutupotea. Mwaka 2012 Hillel Aviezer na wenzake walichukua picha za wachezaji wa tenisi sekunde ileile waliposhinda au kupoteza pointi muhimu. Walipowaonyesha watu nyuso peke yake, watu hawakuweza kusema nani ameshinda. Walipowaonyesha mwili bila uso, waliweza. Kilichokuwa kikiamua ni ngumi zilizokunjwa, mabega, mkao. Simamisha video ya mshambuliaji wa timu yako akishangilia bao la dakika ya 90, ukate uso wake peke yake, umwonyeshe mtu asiyefuatilia mpira. Atakuuliza amevunjika nini.

Sasa turudi kwa ile asilimia 93. Ilitokana na majaribio mawili ya Albert Mehrabian na wenzake ya mwaka 1967. Watu walisikilizishwa neno moja moja, kama "asante" au "labda", lililosemwa kwa sauti ya kupenda au ya kuchukia, na katika jaribio moja wakaonyeshwa pia picha za nyuso, kisha wakaulizwa msemaji anaonekana kumpenda anayeambiwa au la. Basi. Haikuwa hotuba, mahojiano wala mazungumzo ya kibiashara. Mehrabian mwenyewe amefafanua kwamba hesabu yake inahusu kuonyesha kupenda na kutopenda, si mawasiliano yote. Kama maneno yangekuwa asilimia saba, ungeweza kuangalia taarifa ya habari kwa Kichina na kuelewa karibu yote.

Kumjua mwongo kwa sura nako kumepimwa. Charles Bond na Bella DePaulo walijumlisha matokeo ya tafiti nyingi mwaka 2006: kwa wastani watu hupatia asilimia 54 wanapoamua nani mkweli nani mwongo. Kurusha shilingi kunakupa 50. Mashine ya kupima uongo, ambayo hupima mapigo, pumzi na jasho, ilichunguzwa na jopo la Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani, na ripoti ya 2003 ikasema msingi wake wa kisayansi ni dhaifu. Sababu umeshaiona: inapima msisimko, na asiye na kosa anayeogopa kusingiziwa naye anasisimka.

Nikae kidogo hapa, maana ndipo watu wanapoumia. Pesa za michango zimepotea darasani. Mwalimu amewapanga watoto, anapita mbele yao mmoja mmoja akiwatazama usoni. Yule mwenye jasho kwenye mdomo wa juu, anayeinamisha macho, ndiye anayetolewa mstarini. Lakini fikiria mwili wa mtoto huyo umepokea nini: uso uliokunjwa wa mtu mzima mwenye fimbo, sauti kali, macho ya wenzake arobaini. Mwili wake umeitikia sawasawa na ilivyopasa. Kuhusu macho, kwao amefundishwa tangu mdogo kwamba mtoto hamkazii macho mkubwa. Aliyelelewa hivyo anafuata adabu, halafu adabu hiyo inageuzwa hati ya mashtaka.

Mambo hayaishii shuleni. Sheria ya Marekani ya mwaka 2005 iitwayo REAL ID inamruhusu jaji wa kesi za wakimbizi wanaoomba hifadhi kuzingatia namna mwombaji anavyoonekana anapojieleza, pamoja na mambo mengine, katika kuamua kama anaaminika. Mkongomani aliyekimbia vita akasimulia kifo cha ndugu zake kwa sauti bapa na macho chini anaweza kuonekana hana uchungu, mbele ya mtu asiyejua kwamba kwa wengine kiwewe huzima uso badala ya kuuwasha. Ni jambo lilelile la mjane msibani. Kuna wanaojizuia kwa imani yao ya dini, wanaojizuia kwa ajili ya watoto, waliopewa dawa na daktari usiku uliopita, na ambao machozi yatawajia mwezi wa pili wakikunja shati la marehemu.

Kuna madai mengine mawili ya kupitia haraka. La kwanza ni kwamba tunamwelewa mwenzetu kwa kumwiga usoni, kupitia seli za ubongo zinazoitwa neva za kioo, ambazo huamka mtu anapofanya jambo na pia anapomwona mwingine akilifanya, zilizogunduliwa kwa nyani huko Parma, Italia, miaka ya 1990. Watu waliozaliwa na sindromu ya Moebius hawawezi kusogeza misuli ya uso. Kathleen Bogart na David Matsumoto waliwapima 37 kati yao na kuripoti mwaka 2010 kwamba walitambua hisia kwenye nyuso za wengine sawa na watu wasio na hali hiyo. Kuiga kupo, ila si mlango pekee. La pili ni kwamba ukitabasamu kwa makusudi utafurahi. Utafiti mkubwa wa mwaka 2022, uliofanyika katika nchi 19 na watu 3,878, ulikuta kwamba kuigiza tabasamu kunaongeza furaha kidogo. Ni kidogo kweli. Asiambiwe mtu mwenye sonona kwamba dawa yake ni kutabasamu.

Kinachonitia wasiwasi zaidi kwa sasa ni programu za kompyuta zinazouzwa kwa waajiri, shule na vituo vya huduma kwa simu, zikidai kutambua hisia za mtu kwa kamera au kwa sauti. Zinachoweza kupima ni pembe ya mdomo imepanda kiasi gani, sauti imepanda kiasi gani. Hatua ya kutoka hapo hadi "mfanyakazi huyu ana hasira" ndiyo hatua ileile ya mwalimu mbele ya mstari wa watoto, tofauti ni kwamba sasa inafanywa kwa maelfu ya watu kwa mara moja na hakuna wa kumwuliza. Microsoft ilitangaza mwaka 2022 kuondoa huduma yake ya kukisia hisia kutoka kwenye nyuso. Umoja wa Ulaya umekwenda mbali zaidi: tangu tarehe 2 Februari 2025 umepiga marufuku mifumo ya kukisia hisia za watu kazini na shuleni, isipokuwa kwa sababu za matibabu au usalama. Kwetu, sheria za kulinda taarifa binafsi, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, zinaziweka taarifa za kibayometriki kwenye kundi la taarifa nyeti. Ukiitwa kwenye usaili wa kazi kwa video, una sababu nzuri ya kumwuliza mwajiri kabla hujawasha kamera: uso wangu na sauti yangu vitachambuliwa na programu, au vitasikilizwa na mtu?